Kabla Hujaketi Mbele ya Bakuli la Rameni Japani

Rameni ni tambi ndani ya supu ya moto. Nianze na wasiokula nguruwe, maana hapo ndipo penye mtego. Kuondoa vile vipande vya nyama vilivyopangwa juu ya bakuli hakusaidii kitu. Nguruwe yumo kwenye supu yenyewe. Fukuoka, mji wa kusini mwa Japani nilikoonja rameni kwa mara ya kwanza, wana supu yao ya tonkotsu: mifupa ya nguruwe inatokoswa kwa moto mkali saa nyingi mpaka mafuta na uloto vishikane na maji, supu ikawa nyeupe na nzito. Rameni ya miso (soya iliyochachushwa) au ya shoyu (sosi ya soya) nayo usiiamini kwa jina tu. Mara nyingi imeanzia kwenye mifupa hiyohiyo, na mafuta ya kukaangia mboga pia huwa ya nguruwe. Ukiuliza, ulizia supu na mafuta. Ukiulizia nyama peke yake, mhudumu anaweza kukujibu kwa nia njema kabisa kwamba haimo.

Hata supu ya kuku inaweza kutiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele chenye pombe. Kwa hiyo Mwislamu atafute mgahawa uliojitangaza kuwa wa halali. Tokyo ipo; mmojawapo ni Naritaya, mtaa wa Asakusa. Tafuta kabla hujatoka hotelini, si ukiwa barabarani na njaa.

Mengine ni mepesi. Migahawa mingi ya rameni haichukui oda kwa mdomo. Mlangoni pana mashine: unatia pesa, vitufe vinawaka, unabonyeza unachotaka, inakutolea tiketi, unampa mpishi. Kama husomi Kijapani na hakuna picha, bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto. Kwa kawaida hapo ndipo wanapoweka bakuli wanalojivunia. Nenda na noti za yeni 1,000 na sarafu, kwa sababu mashine nyingi za zamani zinakataa noti kubwa, na baadhi hazikurekebishwa kupokea noti mpya zilizotoka Julai 2024. Kingine, amua ukiwa bado kwenye foleni. Kusimama mbele ya mashine unakuna kichwa huku watu wamejipanga nyuma yako si uungwana.

Ukiwa Fukuoka utaulizwa unataka tambi ngumu kiasi gani. Kata ni ngumu, futsu ni ya kawaida, yawa ni laini. Mimi nasema kata, hata kwa mgeni. Tambi za huko ni nyembamba na zinaendelea kulainika ndani ya supu ya moto, hivyo ukianza na laini utamalizia uji. Ndiyo maana hawakujazii tambi nyingi kwa mkupuo. Ukimaliza, bakiza supu, kisha sema "kaedama": utaletewa tambi nyingine kwa bei ndogo, unazitumbukiza humohumo. Utaratibu huu unahusishwa na Nagahama, mtaa wa Fukuoka wenye soko la samaki, ambako wafanyakazi hawakuwa na muda wa kusubiri.

Basi bakuli likitua, kula. Piga picha moja, inatosha. Vuta tambi kwa sauti bila haya, kama wazee wanavyofyonza kahawa ya moto barazani. Hewa inayoingia inapoza tambi na kuinua harufu. Usisimamishe vijiti ndani ya chakula, hiyo kwao ni desturi ya msiba. Watu wawili kugawana bakuli moja pia hawapendi: kila aliyekalia kiti aagize lake. Maji ni ya bure, mara nyingi unajimiminia mwenyewe. Bahshishi usiache, wanaweza kukukimbilia mtaani wakidhani umesahau chenji.

Wenye hadithi ndefu watafute mahali pengine pa kuzungumzia. Kwenye kaunta ya viti vichache, kukaa baada ya kumaliza ni kumzuia aliyesimama nje. Inua bakuli uliweke kwenye ubao wa juu wa kaunta, futa ulipomwaga, sema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, toka. Supu ikibaki hakuna atakayenuna. Mimi huiacha nusu, kwa sababu chumvi yake ni nyingi na ukiimaliza yote utaamka usiku kutafuta maji.