Watoto wa miaka 5 na 9 kwenye vichaka vya Kilimanjaro: Shira na gari au Marangu kwa miguu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi tuko Arusha, mi na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 5. Hatutaki kwenda kileleni, tunataka tu watoto waone ile sehemu ya Kilimanjaro juu ya msitu, yenye vichaka na zile ndevu ndevu na ukungu. Jirani anasema twende Shira na gari, tushuke tutembee kidogo halafu turudi siku hiyo hiyo. Mume wangu anasema bora Marangu kwa miguu. Ipi ni salama kwa watoto? Itachukua masaa mangapi, wavae nini, na yule mdogo tunaweza kumbeba? Pia tunaweza kuwasha kajiko ka mkaa njiani tupashe chakula?

JIBU: Njema kabisa dada, na asante kwa kuuliza kabla ya kwenda, maana wengi wananitafuta wakati mtoto ameshaanza kutapika. Mume wako yuko sahihi, nendeni Marangu, ila sio kwa siku moja, mlale kwenye vibanda vya Mandara usiku mmoja. Naomba nieleze vizuri kwa nini, maana najua safari ya gari inavutia ukiwa na watoto.

Shida ya Shira sio umbali, shida ni urefu kutoka usawa wa bahari na ile kasi ya kuufikia. Arusha mko kwenye mita kama 1,400 hivi. Gari ikipita geti la Londorossi ikawapandisha mpaka kwenye uwanda wa Shira, mko mita 3,500 na zaidi, yaani mmepanda zaidi ya mita 2,000 mkiwa mmekaa kwenye siti, mwili haujapata hata nafasi ya kujua kinachoendelea. Kwenye mita 3,500 kila pumzi unayovuta ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi, pale bado unapata zaidi kidogo ya asilimia 70, na umeifikia kwa kutembea nusu siku, taratibu, mwili unajipanga njiani. Ugonjwa wa kimo, yaani ule wa mwili kukosa oksijeni ya kutosha ukipanda juu, huwa unaanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu, kwa hiyo Mandara sio kwamba hauwezi kutokea kabisa, ila kwa mtoto mzima wa afya hatari ni ndogo sana ukilinganisha na kule Shira.

Na kwa watoto kuna jambo moja linalonifanya niwe mkali. Mtu mzima kichwa kikimuuma anasema. Mtoto wa miaka 5 hasemi, anakaa tu kimya. Niliwahi kuongoza familia moja kule Shira, walikuja na gari kama jirani yako anavyoshauri, mtoto wao wa miaka 6 alishuka akikimbia, baada ya kama masaa mawili akakaa kwenye jiwe akaanza kung'oa ng'oa uzi kwenye glavu yake, biskuti hataki, juisi hataki, wazazi wanasema amechoka tu na gari. Mi nilitakiwa kuwageuza pale pale, nikasubiri dakika ishirini, akatapika. Tukashuka, na tulipofika chini msituni akaanza kuuliza zile biskuti ziko wapi. Kwa hiyo shika hili, mtoto akiacha kula, akiacha kucheza, akiwa na kisirani kisicho na sababu au akitapika, huku mko juu, usianze kubishana na mtu kama ni uchovu au ni nini, chukulia ni kimo na mshuke. Dawa yake ni kushuka. Zile dawa za kimo ambazo watu wanagawiana njiani usimpe mtoto bila daktari kukuandikia. Na kama kuna mmoja ana mafua au sikio limemuuma wiki hiyo, ahirisheni, mlima hauhami.

Sasa masaa. Kutoka geti la Marangu, ambalo liko mita kama 1,870, mpaka Mandara ni kilomita 8 hivi na mnapanda mita 850 kasoro kidogo. Kuna hesabu ya zamani ya Mskochi mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo mpaka leo tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukipiga hapo unapata kama masaa matatu, ila hayo ni ya mtu mzima asiyesimama, na mtoto anasimama, anasimama kwa kila kitu, kima akiruka anasimama, jongoo akipita ndo kabisa. Mi nikiwa na mtoto wa miaka 5 nazidisha mara mbili. Kwa hiyo weka masaa 6 kwenda, na ndo maana sikushauri kwenda na kurudi siku moja, hizo ni kilomita 16, yule wa miaka 9 anaweza akazimaliza akiwa amechoka vizuri tu, huyu wa 5 hawezi, mtaishia kumbeba wakati wa kushuka, na hapo ndo watu wanapoanguka.

Nimesema kumbeba kwa hiyo tulimalize. Mtoto wa umri huo ana kilo 16 mpaka 20. Kumnyanyua dakika kumi kumi kwenye sehemu tambarare sawa, lakini kumbeba mgongoni kwenye mizizi yenye utelezi wakati unashuka hapana, na kama ni lazima basi abebwe wakati wa kupanda, anayembeba awe na fimbo ya kutembelea. Kitu ambacho wazazi hawakijui ni kwamba aliyebeba anatoka jasho, aliyebebwa anapoa. Baba amefungua koti anaona joto, mtoto nyuma miguu inaning'inia haifanyi kazi yoyote, damu haizunguki vizuri. Akiwa mgongoni mvalishe kama mtu anayekwenda kukaa nje asubuhi ya baridi, na kila baada ya dakika 15 mshike vidole vya miguu na shingo nyuma.

Mkianza kutembea saa 2 na nusu asubuhi, katikati ya njia kuna sehemu ya kupumzikia inaitwa Kisambioni, lengo ni mfike pale saa 5 na nusu au 6. Hapo mle mshibe. Na muamue kabisa mkiwa nyumbani, wewe na mume wako, kwamba kama saa 7 mchana imefika na hamjafika Kisambioni mnageuka, bila majadiliano, kwa sababu mkianza kuamua pale njiani mtaona Mandara iko karibu tu, kila mtu anaona iko karibu tu. Mkienda vizuri Mandara mtafika saa 8 au 9 mchana, na hapo kitu cha maana ni chai na kulala mapema, msikimbilie kwenda kuangalia vichaka jioni hiyo, mchana mawingu huwa yanapanda kutoka chini na mtakachoona ni weupe mtupu.

Asubuhi yake ndo siku yenu. Amkeni saa 12, saa 1 muwe njiani kwenda kreta ya Maundi, ni karibu tu na vibanda, mtu mzima anaenda dakika 20 hivi, nyie wekeni 45. Hapo ndo msitu unaisha na ile sehemu unayoisema inaanza. Miti mirefu inakatika halafu unaingia kwenye mierika, ndo hivyo vichaka vyenyewe, mingine imepita kimo cha mtu mara mbili tatu, mingine ya kiunoni, majani yake ni madogo kama sindano fupi. Zile ndevu za kijani kijivu zinazoning'inia ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, haziunyonyi mti, zimejishikiza tu. Mwambie mtoto achuchumae aangalie moja kwa karibu asubuhi hiyo kabla jua halijaikausha: kila uzi una vitone vya maji vimepangana kama shanga, na hakuna mvua iliyonyesha, ni ukungu umenaswa pale. Apulize taratibu aone vinavyodondoka. Maji hayo yanaingia kwenye udongo na kulisha mito inayoshuka kwa watu wa chini. Mi hapo huwa nakaa na watoto hata nusu saa, na sijawahi kuona aliyechoka. Wasichume lakini, ni hifadhi, hata ua moja haliruhusiwi. Juu ya kreta kukiwa kweupe mtaona vilele vya Kibo na Mawenzi upande mmoja, na ziwa Chala na nchi ya Kenya upande mwingine. Msiende zaidi ya hapo kuelekea Horombo, vibanda vinavyofuata huko juu, kwa watoto hawa inatosha.

Nguo. Joto linapungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Moshi mkiacha joto la 28 mchana, Maundi weka 16 kukiwa na jua, na usiku Mandara ni baridi kweli. Jinzi acheni nyumbani kabisa, ikilowa haikauki na inamnyonya mtoto joto. Suruali ya trakisuti ni bora kuliko jinzi. Juu avae fulana isiyo ya pamba kama ipo, sweta la flisi, na koti la mvua juu yake, halafu seti nzima ya kubadilisha iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini tangu 2019, na chupa za maji za plastiki za kutupa nazo haziruhusiwi kwenda nazo mlimani, bebeni za kujazia. Soksi ndefu, suruali iingizwe ndani ya soksi mkiwa msituni, siafu wanakatiza njia pale na mtoto akisimama katikati yao mtakumbuka maneno yangu. Kofia na mafuta ya kuzuia jua ni lazima hata kukiwa na mawingu, huko juu jua linachoma kuliko chini. Buti sio lazima ziwe za bei, raba yenye meno chini inatosha ila iwe imeshavaliwa wiki kadhaa.

Kajiko ka mkaa, hapana dada, na hapa naomba unielewe. Mierika ina mafuta mafuta kwenye majani na inawaka hata ikiwa mibichi. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, sehemu ya kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, njia hii hii ninayokuelekeza, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walieleza kwamba ulitokana na moto wa kupasha chakula. Ziliungua karibu kilomita za mraba 95. Watu mamia walipanda kuuzima, wanafunzi wakiwemo, wanapiga moto na matawi. Sehemu ikiungua mara kwa mara, ule msitu wa juu unarudi nyuma na vichaka vifupi vinachukua nafasi yake, na vichaka vifupi havinasi ukungu kama miti mirefu, kwa hiyo maji yanapungua. Bebeni chupa ya chai ya moto, viazi, mayai, ndizi, karanga, watoto watakula hivyo hivyo. Mandara chakula cha moto kinapikwa jikoni pale na wapishi, ongeeni na mwongozaji wenu mapema.

Na mwongozaji ni lazima, hata kama hamuendi kileleni, mnajiandikisha getini. Mwambieni kabla umri wa watoto, wengine wamezoea mwendo wa wageni. Vibanda vya Mandara viwekwe nafasi mapema, na ada muulize KINAPA, yaani hifadhi ya Kilimanjaro, wenyewe mkiwa na vitambulisho vyenu, raia wana bei yao. Kileleni chini ya miaka 10 hawaruhusiwi, kwa hiyo huyu wa miaka 9 akianza kukusumbua juu ya Uhuru unalo jibu.

Miezi, Juni mwishoni mpaka Septemba ni mizuri, na Januari na Februari pia, masika ya Machi mpaka Mei msijaribu na watoto, njia inakuwa tope tupu. Kitu cha mwisho kidogo ambacho kila mtu anasahau: siku mbili kabla ya safari wakate kucha za miguu wote wanne, wakati wa kushuka kidole kinagonga mbele ya kiatu kila hatua kwa kilomita 8, na mtoto atalia msijue analia nini.