Barua kwa mwanangu: German Shepherd au Rottweiler?

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa mume wako na kwa wajukuu. Umeniuliza: nyumba ina uzio, watoto ni wawili, mmoja miaka 6 na mwingine 9, ninyi wakubwa mnatoka asubuhi na kurudi jioni, mchukue German Shepherd au Rottweiler? Jibu langu ni Rottweiler, jike, tena mkishamwona mama yake. Ila kama mmoja wenu anaweza kumpa mbwa saa mbili za mazoezi na mafunzo kila siku bila kukosa, na mchana nyumba haikai tupu, basi nageuza jibu.

German Shepherd ni mbwa wa mchungaji. Max von Stephanitz, aliyeianzishia jamii hiyo chama chake huko Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kufanya kazi kutwa ubavuni mwa mtu, na hivyo ndivyo alivyo mpaka leo. Usipompa kazi, atajitafutia. Atazunguka kando ya uzio mpaka nyasi ziishe na ibaki njia ya vumbi, atambwekea kila mpita njia, na watoto wakikimbia atawakusanya kama kondoo huku akiwadonoa visigino kwa meno. Hiyo ni silika ya uchungaji, wala si ukali. Lakini mtoto wa jirani aliyedonolewa kisigino hana haja na maelezo hayo, na mama yake ndio kabisa.

Rottweiler alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama, mjini Rottweil, Ujerumani. Akishatembezwa asubuhi, huweza kulala chini ya meza mpaka jioni. Balaa lake ni uzito. Dume hufika kilo 50, jike 42 hivi. German Shepherd dume ni kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Tena Rottweiler ana tabia ya kumwegemea mtu na kumsukuma kwa nyonga akimfurahia. Mjukuu mdogo ataangushwa, si mara moja. Ndiyo maana nasema jike. Na mfundisheni kutembea bila kuvuta kamba akiwa na miezi mitatu, angali mwepesi. Akifika mwaka mmoja, yeye ndiye atakayewatembeza.

Kingine: Rottweiler wengi hunguruma kwa raha wanapopapaswa, na mgeni hudhani ameonywa. Tazameni mwili. Akilegea na macho yakawa mororo, anafurahi. Akikakamaa ghafla, akafunga mdomo na weupe wa jicho ukajitokeza pembeni, mwondoeni mtoto hapo taratibu. Wala msimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyekatazwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Na hata awe mpole namna gani, watoto wasiachwe naye peke yao.

Manyoya nisiandike mengi. German Shepherd hupukutika mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka utajaza ndoo. Rottweiler naye hupukutika, ila ni manyoya mafupi. Brashi mara moja kwa wiki inatosha. Jua kali humchosha upesi kwa weusi na uzito wake, kwa hiyo atembezwe alfajiri na jioni.

Afya ndiyo yenye gharama, na hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Jamii zote mbili husumbuliwa na nyonga na viwiko visivyokaa vizuri kwenye maungio. Kumtazama mtoto wa mbwa akirukaruka hakukwambii lolote. Mwombe mfugaji cheti cha eksirei cha wazazi wote wawili. Katika mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, nyonga hupewa daraja A hadi E. Kubalini A au B tu. Kwa German Shepherd, ulizeni pia kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni. Kwa Rottweiler, wazazi wawe wamepimwa moyo, maana kuna kasoro ya kurithi inayobana njia ya damu inapotoka moyoni. Saratani ya mifupa nayo humwandama. Rottweiler huishi miaka 8 hadi 10 hivi, mwenzake 9 hadi 13. Mjukuu mkubwa huenda akamzika mbwa huyu akiwa na miaka 18, na ni vizuri mkalijua hilo sasa.

Msikubali ahasiwe kabla ya mwaka mmoja bila kuzungumza na daktari wa mifugo. Kwa Rottweiler, kuhasiwa mapema kumehusishwa na ongezeko la saratani hiyo. Kwa German Shepherd, na matatizo ya maungio.

Chakula kiwe cha mbwa wachanga wa jamii kubwa, milo mitatu au minne kwa siku mpaka miezi sita, kisha miwili. Kosa kubwa ni kumwongezea madini ya kalsiamu ati mifupa ikomae. Chakula hicho kina kalsiamu ya kutosha. Ukizidisha, mifupa hukua vibaya, kwa kuwa utumbo wa mtoto wa mbwa haujui kuikataa ziada. Wala asinenepeshwe. Mpapase mbavu: zikiwa kama mgongo wa kiganja chako kilichonyooshwa, yuko sawa. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, amekonda. Zikiwa laini kama upande wa ndani wa kiganja, punguza chakula.

Hawa wote wana vifua virefu, na tumbo lao huweza kujaa hewa na kujipinda. Dalili: anajaribu kutapika na hakitoki kitu, anadondosha mate, tumbo limekaza kama ngoma, hatulii. Hapo ni kwenda kwa daktari saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, maana hufa ndani ya saa chache. Asikimbizwe baada ya kula.

Kuhusu umri wa kumchukua, asiwe chini ya wiki 8. Chanjo zake za kwanza humalizika karibu wiki ya 16, lakini muda wake mzuri wa kuzoea dunia hufungwa kwenye wiki ya 14 hivi. Basi msimfungie. Mbebeni mikononi akaone magari, wazee wenye fimbo, watoto wanaopiga kelele, ila asiwekwe chini wanapopita mbwa wengine, kwani parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, humwua Rottweiler mchanga upesi.

Sasa linalonitia wasiwasi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa tatu. Kama hakuna wa kurudi mchana kwa miezi minne ya kwanza, tafuteni jike wa miaka miwili au mitatu aliyeishi na watoto. Nyonga zake zinaweza kupigwa eksirei kabla hamjamchukua, na tabia yake mtaiona kwa macho badala ya kuikisia.

Kabla ya yote, muulizeni mwenye nyumba na mamlaka ya hapo mnapoishi. Sehemu nyingi Rottweiler huwekewa masharti ya kibali au kufungwa mdomo. Hata Ujerumani kwenyewe, jimbo la Bavaria limemweka kwenye orodha. Niandikie wamejibu nini, na nani atakuwa akirudi mchana.

Baba yako