Kupeleka wanafunzi mikokoni Gazi: anza na jedwali la maji

Safari nyingi za shule kwenda mikokoni huharibikia ofisini, pale tarehe inapochaguliwa kwa kuangalia nafasi ya basi. Tarehe ya kwenda Gazi, Kwale, huchaguliwa na mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na pwani ya Mombasa maji hayo hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya darasa. Wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka: asubuhi hiyohiyo mtakuta maji yamejaa na mizizi ya ukingoni imefunikwa. Kumbuka pia kwamba saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku. Safari ikiahirishwa siku tatu, ratiba nzima imepotea.

Ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, tokeni kabla saa moja haijapita tangu yaanze kujaa. Mwanzoni hupanda polepole na kuwapumbaza walimu, kisha saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Tena hayaji kutoka mbele mnakotazama. Hujaza kwanza mikono ya hori, yaani vijito vya bahari, iliyo nyuma yenu.

Viatu viwe raba za kufunga kamba. Ndala hubaki topeni, na mtoto akabaki pekupeku kwenye chaza waliogandamana na mizizi, wenye makali kama wembe. Aliyekwama asivutwe mkono: apige goti ili uzito utandae, achezeshe kisigino mpaka hewa iingie, kisha auchomoe mguu taratibu. Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtoto. Kivuli cha mikoko hudanganya. Joto la humo ndani ni la mvuke.

Msizunguke msitu mzima. Kiwanja kimoja cha mita 10 kwa 10 kinatosha asubuhi yote. Beba kamba ya manila ya mita 40 yenye alama kila mita 10. Kutoka pembe moja hadi ya mkabala, mkikata katikati, ipatikane mita 14.1, la sivyo kiwanja kimepinda. Mzingo wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka chini, ukagawanywa kwa 3.14 kupata kipenyo. Hapa ndipo watoto hukosea: mkoko wenyewe, aina ya Rhizophora, una mizizi ya magongo inayopita kimo hicho, nao huzungusha futi kwenye mizizi. Pandeni sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, ndipo mpime. Kwa vipimo vya namna hii ndivyo hukadiriwa hewa ukaa iliyofyonzwa na miti, ambayo huuzwa kama hati na Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013 kwenye hekta 117, ambao mapato yake husaidia maji na shule. Waambieni watoto hilo wakiwa wameshika futi, si ndani ya basi.

Kisha kila mmoja achume jani moja la mchu, aina nyingine ya mikoko, alitazame kinyume na jua. Chembe nyeupe zinazometa ni chumvi ambayo mti umeitoa. Alambe. Jani la mkoko halina chembe hizo, kwa sababu mkoko huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi. Na wakiziba pua kwa harufu ya yai viza, wachimbe kidogo: tope jeusi la chini halina hewa, ndiyo maana mchu umechomoza vidole vya mizizi juu. Visikanyagwe.

Kupanda kuwe kwa mwisho, tena mkiongozwa na wenyeji. Miche inayopandwa kwenye mchanga mtupu au juu ya nyasi za bahari, mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota, hufa. Mche wa mkoko ulioiva, ukiwa bado unaning'inia mtini, hung'oka ukiguswa tu. Chomeka theluthi moja, ncha kali chini, na msiukandamize kwa mguu.