Jina la mradi wa shule mtandaoni: tulivyopewa "Kopo" na watoto

Mwalimu mwenzangu, umeuliza lipi kati ya majina matatu mliyobakiza liwe la mradi wenu wa vitendawili, shule nne zikichangia kwenye tovuti moja: kifupisho "JUFASIWA", "Ng'amua" au "Tega". Nitakujibu, ila kwanza nikusimulie aibu yetu.

Mradi wetu ulikuwa wa kupima mvua. Shule tatu, nchi tatu, kila darasa na kopo lake na rula, kisha milimita zinaingizwa kwenye jedwali moja la mtandaoni. Sisi walimu tulikaa jioni nzima, tukatoka na "Mradi Shirikishi wa Upimaji wa Mvua wa Wanafunzi Mtandaoni", kwa kifupi MSHIUMWAMTA. Herufi 11! Tukajipongeza, maana kila neno zito lilikuwamo na hakuna mkuu wa shule ambaye angenung'unika. Wiki ya tatu nikapitia ujumbe wa wanafunzi, sikukuta hata mmoja aliyeliandika sawasawa. Wao walikuwa wanaulizana, "Umeshajaza kopo?" "Nani hajaleta kopo la jana?" Siku mwalimu wa shule ya pili, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliponiuliza ripoti ya "Kopo" itatoka lini, tukasalimu amri.

Nimelifikiria sana kwa nini lilishika. Silabi mbili tu, kila moja konsonanti na irabu, kwa hiyo karibu kila mtu analitamka bila kujing'ata ulimi na analiandika kama alivyolisikia. Tena ni kitu cha kushikika: mtoto analichora kwa sekunde tano, nembo ikapatikana bure. Halisemi "ushirikiano" wala "kidijitali". Chukua programu iitwayo "Ushahidi", iliyoanzishwa Kenya mwanzoni mwa 2008 ili watu waripoti vurugu za baada ya uchaguzi: waanzilishi wake nao walichukua neno moja la kawaida linalosema kazi yenyewe, na baadaye likatumika hadi kwa watu wasiojua maana yake. Hata "wiki" ya Wikipedia ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Ward Cunningham alilitoa kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu alipoipa jina tovuti yake ya mwaka 1995. (Mwanafunzi wangu mmoja aliamini kwamba Wikipedia huandikwa upya kila Jumatatu. Sikumlaumu.)

Sasa suala la anwani, ambalo watu hulikumbuka wakati vipeperushi vimeshachapishwa. Anwani ya tovuti haitambui tofauti ya herufi kubwa na ndogo, haina nafasi, na ritifaa, ile alama ya ' iliyo kwenye ng', haikubaliki. Kwa hiyo "Ng'amua" itakuwa "ngamua", na msomaji ataitamka kama ngamia aliyekosewa. Maneno yakishikana nayo huleta vituko. Kundi moja la wanafunzi wetu lilipendekeza "Kata Mbuga", wakimaanisha tunakwenda mbali pamoja. Likishaunganishwa ni katambuga, na darasa zima likacheka kwa kuona viatu vya tairi. Andikeni kila jina kwa herufi ndogo, bila nafasi, kisha mpeni mtu asiyehusika alisome kwa sauti.

Kura ya wanafunzi naiunga mkono, ila walimu wachuje orodha kabla ya kura, si baada yake. Mwaka 2016 baraza moja la utafiti la Uingereza liliomba umma upendekeze jina la meli yake mpya, na kilichoongoza ni "Boaty McBoatface". Meli ikaitwa Sir David Attenborough, jina la mtangazaji maarufu wa vipindi vya viumbe, na lile la mzaha wakaipa nyambizi ndogo isiyo na rubani. Wale walikuwa na nyambizi ya kufidia; wewe ukifuta chaguo la watoto huna cha kuwapoza.

Mengine ni mafupi. Msiweke mwaka ndani ya jina, litazeeka kabla ya mradi. Msiweke jina la shule moja, nyingine zitajiona wageni. Na kila shule iulize lugha za kwao kama neno hilo halina maana ya kuaibisha. Sisi tuliuliza mapema, tukaokoka na pendekezo moja ambalo sitaliandika hapa.

Haya, majina yenu. JUFASIWA lifuteni leo, ni MSHIUMWAMTA aliyekonda. Ng'amua ni zuri mdomoni lakini ritifaa imelimaliza. Tega ndilo langu: kila anayejua vitendawili atalijibu moyoni kabla hajafungua ukurasa. Shida yake, neno fupi hivyo huenda anwani yake imeshachukuliwa, na anayelitafuta mtandaoni atakutana na mitego ya panya kwanza. Sisi tulikwama hivyohivyo na "kopo", tukaongeza neno ikawa "kopomvua". Ninyi jaribuni "tegategua", mmoja anatega, mwingine anategua. Usiku huu mpigie simu mtu mmoja, mtajie jina hilo mara moja tu, usimsaidie herufi, mwambie akutumie kwa ujumbe alivyolisikia. Akikurudishia "tegetegua", jaribu na mwingine. Wakikosea watatu, rudini kwenye Tega na mtafute neno jingine la kuongeza.