Nati Zilikazwa, kwa Nini Gurudumu Limelegea?

SWALI: Ndugu Mhandisi, nilipeleka gari langu dogo gereji kubadilishiwa pedi za breki za mbele. Siku chache baadaye, nikiwa barabara kuu, nilianza kusikia mgongano wa "ko-ko-ko" upande wa mbele, uliozidi kila nilipokata kona. Niliposimama, nilikuta nati tatu kati ya tano za gurudumu moja zinazunguka kwa vidole. Fundi anaapa kwamba alizikaza, na kwa kweli nilimwona kwa macho yangu akisimama juu ya mpini wa spana. Je, nati iliyokazwa hivyo inaweza kulegea yenyewe, au kuna mtu aliyeichezea?

JIBU: Inaweza kulegea yenyewe, na huenda fundi wako anasema kweli kuhusu spana, ingawa hilo halimwondolei lawama. Kinacholishika gurudumu ni mvuto wa bolti, na nati ni chombo cha kuuleta mvuto huo tu. Nati inapokazwa, bolti hurefuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, nayo, kama springi iliyovutwa, hutaka kurudi katika urefu wake na hivyo kuibana rimu dhidi ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanwa ndio unaobeba nguvu za breki, za kona na za kuongeza mwendo. Mbano ukipungua, rimu huanza kuteleza kidogo juu ya habu katika kila mzunguko, na mtelezo huo ndio unaozungusha nati na kuifungua. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio kwamba mtikisiko unaokwenda mkingamo wa bolti huilegeza nati upesi kuliko ule unaofuata urefu wake. Na gurudumu lililopoteza mbano hutikisika namna hiyo hiyo kwa kila mita ya safari.

Swali linalobaki ni mbano ulipotelea wapi, nami ningeanza kutazama uso wa habu. Kazi ya breki huangusha vumbi na magamba ya kutu, na yakibaki kati ya habu na rimu hugeuka kuwa tabaka laini ambalo fundi halioni baada ya gurudumu kurudi mahali pake. Rangi nene iliyopakwa kwenye rimu huleta hasara ileile. Gari likitembea, tabaka hilo husagika na nyuso husogeleana, na kwa kuwa bolti ilikuwa imerefuka kidogo tu, kupotea kwa sehemu ya kumi ya milimita kunatosha kula sehemu kubwa ya mbano wote. Angalia kwamba hadi hapo nati haijazunguka hata kidogo; kuzunguka huja baadaye, na huja kwa kasi.

Kuhusu kusimama juu ya spana, tufanye hesabu. Magari madogo mengi huhitaji nati zikazwe kwa nguvu iliyo kati ya nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 90 na 140. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mpini wa nusu mita huzalisha zaidi ya nyutonimita 340. Hata hivyo, katika nguvu yote inayotumika kukaza, takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo inayoivuta bolti. Iliyobaki humezwa na msuguano chini ya nati na kwenye hesi, ile mifereji ya mzunguko ambayo nati hupanda juu ya bolti. Kwa hiyo hesi zikiwa na kutu au mchanga, spana hugoma na fundi huridhika, ilhali bolti haijavutwa inavyopaswa; zikiwa safi, nguvu hiyohiyo huivuta bolti kupita kiasi mpaka isiweze tena kurudi. Mashine ya upepo ya kukazia nati ina kasoro hizo hizo, tena huzitenda kwa sekunde mbili. (Binafsi sioni ubaya wa mashine hiyo katika kufungua nati, ni katika kufunga ndiko ninakoiogopa.)

Sasa usikaze tu ukaendelea na safari. Gurudumu lililotembea likiwa limelegea hutanua matundu ya rimu na kuzichosha bolti, na bolti iliyochoka haionyeshi alama kwa nje mpaka siku inapokatika. Lifungue, na tundu likiwa na umbo la yai usiitumie tena rimu hiyo. Bolti za gurudumu hilo ningezibadilisha zote pamoja na nati zake, nikihakikisha kwamba kikalio cha nati, kiwe cha koni, cha mviringo au bapa, kinalingana na cha rimu. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya. Nati zianzwe kwa vidole, zikazwe kidogo kwa mpangilio wa kukingamana gari likiwa juu ya jeki, kisha lishushwe na kazi imaliziwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Usipake grisi kwenye hesi isipokuwa mtengenezaji ameagiza, kwa maana grisi hupunguza msuguano na kipimo kilekile cha spana huivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe upya kwa kipimo kilekile, na gereji isiyokuambia hivyo imekupa kazi nusu.

SWALI: Naendesha lori, na wenzangu husema magurudumu ya kushoto ndiyo yanayopenda kuchomoka. Ni kweli, au ni maneno ya barabarani tu? Je, vile vishale vya plastiki vinavyovalishwa kwenye nati vinasaidia?

JIBU: Yana msingi. Lori likienda mbele, gurudumu la kushoto, ukilitazama kutoka nje, huzunguka kinyume cha saa, na huo ndio mwelekeo wa kufungua nati ya kawaida. Ndiyo maana malori mengi ya zamani yalikuwa na hesi za kinyume upande wa kushoto, ilhali mengi ya sasa hutumia hesi za kawaida pande zote mbili. Mbano ukiwa kamili, mwelekeo huo hauna madhara yoyote. Ukipungua, upande wa kushoto hutangulia kupata taabu. Magurudumu pacha ya nyuma huongeza tatizo, kwa kuwa rimu ni mbili na nyuso za kusafishwa ni nyingi zaidi. Tena dereva anaweza asihisi lolote pacha la nje linapochomoka, wakati gurudumu hilo, lenye uzito wa karibu kilo 100, linaendelea kwa kasi ileile ya lori bila breki yoyote, likielekea kwa magari yanayokuja au kwa watu walio kando ya barabara.

Vishale vinasaidia, kwa sharti kwamba ujue vinasema nini. Kishale kilichogeuka kinakuambia kwamba nati imezunguka, basi simama hapo hapo. Kishale kilichotulia hakithibitishi kwamba mbano upo, kwa sababu nyuso zikisogeleana mbano huondoka nati ikiwa imetulia palepale. Kwa hiyo ukague pia mistari ya kutu inayotoka chini ya nati kama miale, na chuma kilichong'arishwa kuzunguka tundu, na spana yenye kipimo ipite kwenye nati zote baada ya kila kufungwa upya, hata vishale vikiwa vimenyooka.