Muulize Fundi: Linux mpya haizioni diski

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva ya ghala la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Ni Dell ya zamani yenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) aina ya PERC H700, inatumia CentOS 7, mfumo wa Linux. Juzi nilitaka kuweka Rocky Linux 9, lakini nilipofika mahali pa kuchagua diski haikuonekana hata moja. Jamaa ananiambia kadi imekufa, nifute RAID niiunde upya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuomba sana, usiiguse hiyo RAID! Ukiifuta, madeni na malipo yote ya wenye dagaa yamekwenda. Chomoa flashi ya kusakinishia, washa mashine kama kawaida. CentOS 7 ikiwaka, kadi ni nzima.

Sasa andika `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha kadi zilizomo kwenye mashine, utafute mstari wa RAID. Ukikuta namba 1000:0079 na chini yake draiva (programu inayoendesha kadi) `megaraid_sas`, tatizo ndilo hilo. Draiva hiyo ipo mpaka leo, ila kampuni ya Red Hat walipotoa toleo la 8 la Linux yao mwaka 2019 waliondoa ndani yake namba za kadi nyingi za zamani, na Rocky inawafuata. Namba ya kadi yako haimo tena kwenye orodha ya draiva, kwa hiyo inaipita kama haijui.

Kuhama umefanya vema, kwa sababu CentOS 7 iliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Unaweza kubaki na Rocky kwa kuchukua diski ya draiva (faili lenye draiva ya ziada) ya ELRepo, hazina ya draiva za pembeni, na kuipa programu ya usakinishaji kwa `inst.dd`, neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia. Inafanya kazi, lakini draiva ya pembeni inaweza kugoma kerneli (kiini cha Linux) ikipanda toleo, na ghala haliwezi kusimama asubuhi mitumbwi imefika. Mimi ningeweka AlmaLinux 9, ndugu yake Rocky. Kuanzia 9.4 wamezirudisha namba hizo ndani ya kerneli yao, huhitaji kubandika chochote.

Kabla ya yote, nakili hesabu kwenye diski ya nje, uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone zinasomeka.

Baadaye, kila ukisasisha kerneli, kabla ya kuwasha upya pitisha `lsinitrd`, amri ya kuonyesha yaliyomo, kwenye faili jipya la initramfs (lenye draiva zinazohitajika mashine inapowaka), uhakikishe `megaraid_sas` imo. Isipokuwamo, tengeneza upya kwa `dracut -f`, ukiitajia toleo la kerneli hiyo mpya. Na kerneli ya zamani iache kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha, mpaka mpya iwake vizuri.