Klabu imemfungia mwanangu wa miaka 15 kuingia uwanjani: sheria inasemaje?

SWALI: Ndugu Wakili, mwanangu ana umri wa miaka 15 na anasoma kidato cha pili hapa Dodoma. Mwezi uliopita alikwenda Uwanja wa Jamhuri pamoja na vijana wenzake wa kikundi cha hamasa cha tawi lao. Timu yao ilipokataliwa bao, alirusha chupa ya maji ikampiga mwamuzi msaidizi mgongoni. Makomandoo (walinzi) wa klabu walimkamata, wakampiga picha na kumtoa nje. Wiki iliyofuata tukaletewa barua ya mistari minne, isiyo na tarehe, ikisema amefungiwa kuhudhuria mechi zote za klabu "kwa muda usiojulikana", na kwamba mimi mzazi ninatakiwa kurejesha faini ambayo klabu imetozwa. Picha yake imewekwa kwenye ukurasa wa Instagram wa klabu, na jina la shule linasomeka kwenye fulana. Sasa mwalimu wa michezo naye amemwondoa kwenye timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa sababu "amefungiwa". Je, klabu ina mamlaka haya juu ya mtoto? Na faini hiyo ni deni langu?
Mzazi, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Mama, pole kwa yaliyokupata. Klabu inayo haki ya kumkataa mwanao kwenye mechi inazoziandaa yenyewe, lakini namna ilivyoitumia haki hiyo ina kasoro kubwa. Faini si deni lako kwa jinsi mambo yalivyo sasa. Picha inatakiwa kuondolewa, na kwa kuwa inaendelea kumdhuru mtoto kila siku inayokaa pale, ninakushauri uanze nayo kabla ya hayo mengine yote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto na taarifa zinazohusu makosa katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Picha ya mwanao, ikiwa na maelezo kwamba amefanya fujo, inaangukia katika makundi yote mawili kwa pamoja. Taarifa za namna hii hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Klabu inaweza kujitetea kwamba ilimpiga picha ili walinzi wa getini wamtambue, na utetezi huo unaweza kuwa na uzito, lakini kumtambua mtu getini hakuhitaji kumwonyesha kwa maelfu ya wafuasi wa ukurasa pamoja na jina la shule yake. Angalia pia kwamba hata mtoto anayeshtakiwa kwa jinai husikilizwa katika Mahakama ya Watoto faraghani, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na faragha yake hulindwa hadi mwisho wa shauri. Kama mahakama yenyewe inabanwa hivyo, klabu ambayo haijamsikiliza mtoto hata kwa dakika moja haiwezi kudai uhuru mkubwa zaidi. Hifadhi kwanza nakala ya picha hiyo kwenye simu, ikiwa na tarehe na maoni yaliyoandikwa chini yake, kisha uiandikie klabu ukitaka iondolewe. Wasipojibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sasa nije kwenye mamlaka yenyewe. Hapa kwetu mambo ya kumfungia shabiki yanasimama juu ya kanuni za mpira, katiba ya klabu na sheria ya jumla ya mikataba na umiliki. Sheria hiyo ya jumla tuliirithi kutoka Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani yake zimo kesi mbili zinazohusu watu waliotolewa mahali walipolipa kiingilio. Katika kesi ya Wood dhidi ya Leadbitter ya mwaka 1845, mahakama ilisema tiketi ni ruhusa tu, na mwenye eneo anaweza kuiondoa. Katika kesi ya Hurst dhidi ya Picture Theatres ya mwaka 1915, mahakama ilisema mtu aliyelipa na kutulia hawezi kutolewa kabla ya onyesho kwisha bila mwenye eneo kuvunja mkataba. Mwanao hakutulia, kwa hiyo kutolewa siku ile kulikuwa halali. Kumkatalia kuuziwa tiketi siku zijazo nako kimsingi ni halali, mradi anayekataa ndiye mwandaaji wa mechi au anatenda kwa niaba yake.

Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Uwanja wa Jamhuri ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na klabu huutumia kwa mechi zake kwa makubaliano na mwenye mali. Klabu ikiwa mwenyeji wa mechi, mlango ni wake kwa siku hiyo. Ikiwa mgeni, mlango ni wa mwenzake. Barua uliyoletewa inasema "mechi zote za klabu" bila kutofautisha za nyumbani na za ugenini, na hapo imevuka mpaka, kwa sababu klabu haiwezi kumzuia mtu kwenye lango la klabu nyingine kwa barua yake yenyewe. Inaweza kumnyima nafasi kwenye basi la mashabiki, kumwondoa kwenye kikundi cha hamasa na kumnyang'anya kadi ya tawi, kwa kufuata katiba yake. Zaidi ya hapo inahitaji msaada wa mwenyeji mwingine, wa Bodi ya Ligi au wa TFF, shirikisho la soka nchini.

Ni haki pia tuelewe kwa nini klabu zimekuwa kali. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaiwajibisha klabu kwa vitendo vya mashabiki wake, kikiwamo cha kurusha vitu uwanjani, hata kama viongozi wake hawakuwa na kosa lolote. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika mechi ya Simba na Yanga, viti vya Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, viling'olewa, na Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia kwa muda. Baada ya vurugu za mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Desemba 2024, CAF, shirikisho la soka Afrika, iliiamuru Simba icheze na CS Constantine Januari 2025 bila mashabiki, na watu ambao hawakugusa kiti wala chupa wakakosa mechi. Kiongozi wa klabu anayeyakumbuka hayo huona bora amfungie mmoja haraka kuliko afungiwe jukwaa zima, na hofu yake si ya kubuni. Wewe nawe usilichukue jambo hili kama utoto mtupu. Kumpiga mtu kwa chupa kunaweza kuwa shambulio chini ya Kanuni ya Adhabu, na mtoto wa miaka 15 ameshavuka umri wa miaka 12 ambao chini yake sheria humkinga asiyekuwa na uwezo wa kutambua kosa. Mwamuzi yule angeweza kwenda polisi, na shauri lingepitia Dawati la Jinsia na Watoto hadi Mahakama ya Watoto.

Lakini ukali hauiondolei klabu wajibu wa kusikiliza. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Klabu zinaweza kubishana kama zenyewe ni "chombo" cha namna hiyo. Mimi naona klabu iliyosajiliwa, yenye katiba na kamati ya nidhamu, inayotoa adhabu na si kumkatalia mtu mlangoni tu, ina kazi ngumu kuukana wajibu huo. Sheria ya Mtoto nayo, katika kifungu cha 4, inataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza katika mambo yanayomhusu, iwe yanashughulikiwa na taasisi za umma au za binafsi.

Kesi iliyo karibu zaidi na yako iliamuliwa Ujerumani. Mwezi Machi 2006, shabiki wa Bayern München aliyekuwa na umri wa miaka 16 alihusishwa na vurugu baada ya mechi ya ugenini dhidi ya MSV Duisburg, na klabu mwenyeji ikamfungia viwanja vyote vya ligi hadi Juni 2008. Uchunguzi wa jinai uliachwa kwa sababu jambo lilionekana dogo, lakini zuio la kuingia viwanjani likabaki. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, ambayo tarehe 11 Aprili 2018 iliamua kwamba anayefungua uwanja kwa umma bila kuchagua watu hawezi kumtoa mmoja wao kiholela: ni lazima awe na sababu ya msingi, amsikilize mhusika kabla ya kuamua, na amweleze sababu akiziomba. Kijana alishindwa, kwa kuwa sababu ya msingi ilikuwapo na haikuhitajika hukumu ya jinai. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila unaonyesha pande zote mbili za shilingi: klabu inaweza kumfungia mtoto bila yeye kutiwa hatiani, na haiwezi kufanya hivyo kimyakimya kwa mistari minne.

Maneno "kwa muda usiojulikana" ndiyo yanayonisumbua zaidi. Uingereza, ambako amri hutolewa na mahakama chini ya sheria ya watazamaji wa mpira ya mwaka 1989, amri huanzia miaka mitatu na haizidi kumi, na aliyefungiwa anaweza kuomba iondolewe akishatumikia theluthi mbili. Vyombo vya soka vya huko vilipotangaza mwaka 2022 kwamba klabu zitawafungia wanaovamia uwanja na wanaowasha moto wa fataki kwa mwaka mmoja au zaidi, vilisema pia kwamba mzazi aliyeandamana na mtoto anaweza kufungiwa naye. Ni ukali, lakini ni ukali wenye mwanzo na mwisho. Kwa mtoto wa miaka 15 aliyekosa mara moja, naona kumfungia hadi mwisho wa msimu kunatosha, kisha arudi kwa masharti: akae na mtu mzima, mbali na kikundi cha hamasa, kwa mechi kadhaa. Na ningependa klabu iulizwe swali moja bila woga. Mtu mzima aliyewaongoza watoto wale siku hiyo alikuwa wapi? Klabu inayowavisha watoto jezi na kuwapa ngoma ili jukwaa lichangamke ina wajibu wa kuwasimamia, na haifai kuwakumbuka tu siku ya kutafuta wa kulaumiwa.

Kuhusu faini, iliyotozwa ni klabu, kwa mujibu wa kanuni ambazo klabu imekubali kuzifuata. Wewe si sehemu ya makubaliano hayo. Ujerumani, mwaka 2016, mahakama ya juu ya mashauri ya madai ilikubali kwamba shabiki mtu mzima aliyerusha fataki katika mechi ya Köln anaweza kudaiwa faini iliyotozwa klabu, kwa msingi wa mkataba wa tiketi. Mwanao ni mtoto, na kwa sheria yetu ya mikataba mtu asiyefikisha miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba kwa namna hiyo. Klabu ikiamini kwamba ulizembea, iende mahakamani ithibitishe. Hadi hapo usisaini hati yoyote inayokiri deni, hata ukiambiwa kwamba kusaini kutaharakisha mtoto kusamehewa.

Andika barua kwa Katibu wa klabu, uambatishe nakala ya cheti cha kuzaliwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Eleza kilichotokea bila kukipunguza. Omba kikao ambacho mtoto atasikilizwa ukiwapo, omba kuona picha za video au ripoti waliyoitegemea, na uombe uamuzi mpya wenye tarehe, sababu, mwisho na njia ya kukata rufaa. Kama kweli alirusha chupa, na swali lako linasema hivyo, mwanao aandike mwenyewe barua ya kumwomba radhi mwamuzi msaidizi, kwa mwandiko wake. Ninasema hivyo kwa sababu kuna mtu aliyepigwa mgongoni akiwa kazini, na katika barua ya klabu hatajwi popote. Klabu ikikaa kimya au ikipuuza katiba yake, unaweza kumfikishia jambo hili Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukaa nanyi kwenye kikao mkimwomba.

Limebaki la UMISSETA. Kufungiwa kuingia kwenye mechi za klabu kama mtazamaji hakumfanyi mtu asiwe mchezaji, wala hakuigusi michezo ya shule, ambayo ina waandaaji wake na taratibu zake za nidhamu. Shule ikiona mwenendo wa mwanafunzi unastahili hatua, ichukue hatua kwa taratibu za shule, kwa sababu inazozieleza yenyewe. Haiwezi kuazima adhabu ya klabu na kuifanya yake. Nenda na barua ile ya mistari minne kwa mkuu wa shule, umwonyeshe kwamba inazungumzia mechi za klabu peke yake, na umwombe amrejeshe mwanao mazoezini kabla timu ya shule haijateuliwa.